Kikundi cha wazazi wa selimundu kisimpigie mtu debe

Juzi hapa Birmingham mgombea udiwani alikuja kwenye mkutano wa familia zenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi (sickle cell), akaomba tumuunge mkono. Mwenyekiti wetu akamjibu kwa upole kwamba sheria hairuhusu shirika la hisani kumpigia debe mgombea wala chama. Akampa karatasi ya maswali, ile ile waliyopewa wapinzani wake, na kumwambia kwamba majibu ya wote yatabandikwa ukutani. Mgombea akaipokea, akanywa chai, akaenda zake. Nilifurahi mno.

Kisha nikafungua simu, nikakuta picha kutoka Kisumu. Akina mama ninaowaheshimu, wengine na watoto mgongoni, wamevaa tisheti za mtu anayeutaka ugavana 2027. Ameahidi kliniki ya selimundu, na kikundi chao kizima cha wazazi kimetangaza kwamba ndiye mtu wao.

Najua mtaniambia nini. Kwamba nimekaa majuu nikasahau nyumbani, na Wazungu wamenifundisha kudharau. Sijasema Uingereza ni peponi. Hapa England mtu mzima mwenye selimundu bado hulipia dawa zake, maana orodha ya magonjwa yanayosamehewa malipo ilitungwa 1968 na selimundu haimo hadi leo, ilhali kisukari kimo. Mwaka 2021 wabunge wa vyama mbalimbali walitoa ripoti iliyoeleza jinsi wagonjwa hawa wanavyopuuzwa hospitalini. Wengi wao ni Weusi kama sisi. Na moyo niliouona Nyalenda, mtaa wa Kisumu, sijauona huku: mama anaamka usiku wa manane kumtafutia mtoto wa mwenzake mtu wa kutoa damu, halafu wote wanachanga nauli ya boda boda.

Ndiyo maana picha zile zimeniuma. Moyo huo ndio mliompa mheshimiwa, naye hajawapa ila tisheti.

Tuseme anatimiza ahadi na kliniki inajengwa. Mtoto mwenye selimundu huuawa na mengi: malaria inayomla damu kidogo aliyo nayo, homa ya mapafu, kuchelewa kufika kutoka Nyando au Seme, wodi isiyo na muuguzi. Hospitali zetu ziko chini ya kaunti tangu 2013, kwa hiyo gavana huyo huyo ndiye anayelipa au asiyelipa mishahara ya wauguzi. Wakigoma, jengo lile litamsaidia nani? Bima ya afya ya taifa nayo, hiyo SHA iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, inaendeshwa kutoka Nairobi, na gavana haigusi. Ukimpima mgombea kwa ugonjwa mmoja tu, umemruhusu akujibu kwa jengo moja tu, na mengine yote hakuna atakayemuuliza.

Akishindwa je? Mnajua kwetu mshindi huwatendeaje waliosimama na mpinzani wake. Mtabisha mlango wa afisa wa afya mkiomba dawa, naye anazo picha zenu kwenye simu. Na yule mzazi wa Kondele anayemtaka mgombea mwingine, mtoto wake akishikwa na maumivu usiku, atampigia nani simu bila kuona haya?

Mwingine atasema, "Bila siasa hatupati kitu." Kweli kabisa, ndugu yangu, na sijasema mnyamaze. Tarehe 19 Juni, siku ya selimundu duniani, jaeni mitaani hadi mlango wa gavana. Kila mzazi na ampigie kura amtakaye, hata avae tisheti akiwa na jirani zake. Ila jina la kikundi ni la watoto wote, pamoja na wale ambao wazazi wao hawakuulizwa.

Mama mwenyekiti wa Kisumu, wito wangu ni huu. Kabla kampeni hazijapamba moto, waiteni wagombea wote, na huyo wa kliniki akiwemo. Waulizwe kama haidroksiyurea, dawa inayopunguza vipindi vya maumivu ya selimundu, itapatikana kwenye hospitali za kaunti ndogo au mzazi ataendelea kuinunua duka la nje. Waulizwe ni lini watoto wachanga watapimwa kabla ya kutoka wodi ya uzazi, na nani atahakikisha damu ipo shule zikifungwa na wanafunzi wanaochangia wameenda nyumbani. Majibu yaandikwe, kila mmoja atie sahihi yake, nayo yasomwe mbele ya wazazi wote.