Wanaosema wakimbizi wanakula bure wasome hapa
Nimesoma hii habari ya mgao wa chakula kupunguzwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kasulu mkoa wa Kigoma, alafu nakuta mtu anasema eti afadhali, wamezoea vya bure. Ndugu yangu mi nimekulia Kasulu, hao watu nawajua. Ile kambi ilifunguliwa 1996 kwa Wakongo waliokimbia vita, yaani mtoto aliyezaliwa pale mwaka huo saa hizi ana watoto wake na Fizi kwao huko Kongo hajawahi kuikanyaga, anaisikia tu kwa bibi yake. Afu 2015 na Warundi nao wakaja. Bila kibali hutoki nje ya kambi, sasa unataka akalime wapi huyo?? Hata kuni tu mama anazifuata porini roho mkononi.

Zamani kulikuwa na soko la pamoja, sisi tunapeleka ndizi na mihogo wao wanatuuzia vitenge, lilivyofungwa na sisi wenyeji tuliumia vilevile ila hilo hamlisemi. Na wale Warundi wa 1972 waliopelekwa kwenye makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu si walipewa mashamba wakalima wakajitegemea kabisa, mpaka 2014 zaidi ya 150,000 wakapewa uraia? Mahindi yao tumekula sana, hakuna aliyeuliza yametoka kwa nani.

Kuna fundi cherehani mmoja mle Nyarugusu alinishonea suruali ya shule, kila siku stori zake ni kurudi kwao Uvira, Kongo, afungue duka. Mara ya mwisho kumuona bado alikuwa palepale, anawafundisha vijana kukata kitambaa.