Mbwa Kakukosea Nini?

Jana nimekatazwa kumwita mtu mbwa. Nyumbani kwangu, kwenye sebule ninayoilipia kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Fundi kaondoka na advansi, na feni yenyewe kaondoka nayo, simu haipokei. Nimekaa na joto langu, natafuta neno linalomfaa, nikalitamka hilo moja tu, tena kwa sauti ya mtu mzima. Mpwa wangu akainua macho kwenye simu.

"Anko, mbwa kakukosea nini?"

Huyu ni mtoto wa dada yangu, yuko chuo, na tangu muhula uliopita ni vigani. Hali nyama, samaki, mayai, maziwa wala asali. Kwenye asali sikubishana, humu ndani haijaingia tangu mke wangu ajifungue mtoto wa mwisho. Chakula chake ni chake. Kinachonimaliza ni kwamba sasa anatuchambulia na maneno. Punda asitajwe kwa ubishi, nguruwe asitukaniwe mtu, na kuua ndege wawili kwa jiwe moja ndiyo kabisa, ni ukatili. Eti lile shirika la Marekani la kutetea wanyama, PETA, mwaka 2018 liliwashauri watu waseme kulisha ndege wawili kwa skonzi moja. Skonzi! Wanangu wanagawana skonzi kwa kisu, wewe unataka niwape kunguru wa Dar, ambao hata bila mwaliko wanajihudumia.

Hao hao PETA mwaka 2008 walitaka samaki waitwe paka wa baharini, vile vitoto vya paka, ili watu waone huruma waache kuwala. Mtu aliyebuni hilo hajawahi kukaa uswahilini akaacha changu kwenye sufuria isiyo na kifuniko. Ukimwita samaki paka, mke wangu atamkaanga kwa hasira.

Nikaona niitetee lugha yangu. Nilipata B ya Kiswahili, cheti kipo. Nikamwambia, mwanangu, sisi mnyama tulishampa haki zake kwenye sarufi kabla hao wa skonzi hawajazaliwa. Ngeli ya A-WA anakaa nani? Mtu na kuku. Mwalimu amelala, ng'ombe amelala. Mbuyu una miaka mia tano na haujapata nafasi hiyo, unaambiwa umeanguka, sawa na mkeka. Na hatumvui cheo hata akifika mezani: samaki huyu mtamu, kuku huyu kaiva. Tunamla kwa heshima zake zote.

Akanijibu, "Ndiyo maana akaitwa mnyama, anko. Kazaliwa tu, jina lenyewe limeshampeleka buchani."

Nikanyamaza kidogo, nikasingizia feni.

Sasa leo mchana tukawa Buguruni kufuatilia huyo fundi (hayupo, jirani zake nao wanamtafuta), njaa ikatukamata, tukaingia kwa mama ntilie mmoja pale. Foleni ndefu, hotpoti zimepangwa, na mama mwenyewe ana mwiko mkononi na haraka machoni. Mpwa akasalimia vizuri, shikamoo mama, akauliza, "Kuna mboga gani?"

"Mboga zote zipo mwanangu. Nyama, samaki, maini, kuku."

"Naomba isiyo na nyama."

"Haya, kuku."

"Kuku ni nyama, mama."

Foleni nzima ikageuka. Kijana wa bodaboda aliyekuwa nyuma yangu akauliza tangu lini. Mama ntilie akamtazama binti kwa upole wa mtu anayeongea na mgonjwa: nyama ni ng'ombe na mbuzi, kuku ni kuku, samaki ni samaki, kila mmoja ana bei yake.

"Maharage?"

"Yapo, nimeyaungia supu ya kongoro. Utajing'ata."

"Mchicha?"

"Una maziwa mgando kidogo."

"Kisamvu?"

"Cha nazi! Na uduvi."

Hapo pakawa hapatoshi. Bodaboda anasema uduvi si mnyama, ni kiungo. Mzee mmoja mwenye kanzu akasema uduvi ni kiumbe na ana macho, yeye mwenyewe kayaona. Mwingine akauliza kama mnyama anahesabiwa kwa macho, mbona viazi navyo vina macho. Mimi natazama hotpoti. Saa nane hiyo, sijala tangu chai ya rangi, na mbele yangu kuna baraza la wazee linajadili uduvi. Kuna mtu kule nyuma akapaza sauti kwamba kama binti hali nyama basi pale ng'ambo kuna kitimoto, na watu wakacheka, kwa sababu kila mmoja anajua kitimoto ni nani. Mnyama huyo jina lake halisi halitamkwi mezani, ila ukimwita kitimoto, mdudu au mbuzi katoliki, sahani inaisha na ndimu inaongezwa.

Mpwa wangu, Mungu ampe maisha marefu, akaona hapo ndipo pa kutoa semina. Akaeleza kwamba jina la vigani lilibuniwa Uingereza mwaka 1944 na Donald Watson na wenzake. Walichukua neno vegetarian, wakabakiza kichwa na mkia, tumbo wakatupa. Bodaboda akasema hao si wachinjaji, tumbo ndiyo supu. Mpwa akaendelea na Mahakama ya Ulaya, mwaka 2017, iliyokataza maji ya soya yasiuzwe kwa jina la maziwa, ila ya nazi yakasamehewa. Mama ntilie akauliza ya nazi ndiyo yapi. Tui? Watu wazima wameshtakiana kwa ajili ya tui?

Kisha akashusha mwiko, akainama kwa binti, akanong'ona kwa sauti iliyofika barabarani: "Mwanangu, kama tatizo ni hela, sema. Nitakuwekea kipande." Na mimi akanikata jicho. "Baba, mtoto wa watu huyu. Mlishe."

Mbele ya watu! Mimi! Mtu ambaye kuanzia tarehe kumi mpaka mshahara nakula ugali na tembele bila kupewa jina la Kiingereza wala kualikwa kongamano! Nyumba yangu imekuwa ya mavigani tangu bucha wapandishe bei, ila huko kwetu inaitwa tumeyumba kidogo. Binti akala ubwabwa na kachumbari. Sahani bei ile ile. Nimelipa mimi.

Kurudi, kwenye daladala, akaanza na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ina mpaka vifungu vya kusafirisha wanyama. Ananisimulia hayo mimi nimesimama kwa mguu mmoja, wa pili sijui nimeuacha wapi, kwapa la mtu liko puani, na konda anamwambia dereva "bado vichwa vitatu." Vichwa! Mbuzi ana kifungu, mimi ni kichwa. Nikamwambia mpwa aanzie hapo kampeni yake, akasema atalifikiria akimaliza mitihani. Konda naye tangu Tazara ana mia nne yangu. Kila nikimwita anasema "nakuja mzee," anakwenda mlangoni kuita wengine, na kituo chetu ndicho hiki kinapita.