Night of the Living Dead: msiizime dakika ya tano

Kuna watu nikiwaambia waangalie hii muvi wanaangalia dakika tano wanazima, eti ya zamani, haina rangi, zombi wenyewe, yaani maiti waliofufuka wanaokula watu, wanajikokota tu. Naumia kweli, maana mimi nimeiangalia mara nyingi na bado ile asubuhi ya mwisho inanikaba koo.

George Romero, mwongozaji wake, na wenzake walikuwa vijana wa Pittsburgh, Marekani, wanatengeneza matangazo ya TV, wakachangishana dola 600 kila mtu ndo wakaanza kushuti mwaka 1967, mpaka inakamilika imekula kama dola 114,000, hela ndogo sana kwa sinema hata enzi hizo. Damu ni sirapu ya chokoleti, na zile nyama zinazotafunwa zilitoka kwa mwenzao aliyekuwa na bucha. Sasa kama huna hela ya kuonyesha nchi nzima inaangamia unafanyaje? Unawafungia watu saba kwenye nyumba moja ya shambani, habari za nje wanazipata kwa redio na TV tu, na wewe unayeangalia unabanwa mlemle ndani na wao, unasikia nyundo inavyopigilia mbao madirishani.

Halafu hao saba wanaanza kugombana, hasa wawili, Ben na Harry. Ben anataka wabaki juu, Harry anataka wote washuke basementi, chumba cha chini ya nyumba, wafunge mlango. Harry ni mbishi, mbinafsi, kila mtu anamchukia na mimi nilimchukia, lakini hebu fuatilia mpaka mwisho, nyumba inavamiwa na Ben anapona kwa kujifungia hukohuko basementi alikokataa usiku kucha! Siku nilipoligundua hilo nilikaa kimya muda mrefu. Yule tunayempenda ndo alikosea, na yule tunayemchukia alikuwa sahihi, ila hakuna aliyekuwa tayari kumsikiliza mwenzie.

Ben anaigizwa na Duane Jones, mtu mweusi, kwenye muvi iliyotoka mwaka 1968, na muvi nzima hakuna anayetaja rangi yake. Romero alisema walimchukua kwa sababu ndo aliyeigiza vizuri kuliko wote waliojaribu. Alisimulia pia kwamba usiku wanaipeleka filamu New York kutafuta msambazaji, walisikia kwenye redio Martin Luther King, mtetezi wa haki za watu weusi Marekani, ameuawa. Mimi siwezi tena kuiangalia bila kukumbuka hilo.

Kitu kinachoniuma ni kwamba msambazaji alibadilisha jina la muvi na ile alama ya hakimiliki ikaachwa, basi ikawa mali ya umma, kila mtu akawa anaionyesha na kuiuza bila kuwalipa walioitolea jasho. Wengi wetu tumeifahamu kwa sababu hiyohiyo lakini haki yao ilipotea na hainiingii akilini mpaka leo.

Basi ukiiangalia vumilia ufike asubuhi. Ben anasikia bunduki na mbwa huko nje, anapanda juu taratibu, anachungulia dirishani, na wale waliokuja kuwamaliza zombi wanaona kivuli tu, risasi moja, kichwani. Baada ya hapo picha hazitembei tena, ni picha za mgando zenye chengachenga kama za gazeti la zamani, wanaume wameshika ndoano za nyama, wanamtoa nje, wanamlaza kwenye rundo la kuni pamoja na maiti wengine. Usizime hapo, majina ya waigizaji yanapita juu ya picha hizohizo.