Treni Imeninyang'anya Kisingizio

Jamani, miaka yote niliyoishi Dar sikuwahi kupungukiwa kisingizio. Foleni. Neno moja tu, halihitaji shahidi. Unaingia kazini saa nne badala ya saa mbili, unafuta jasho, unasema "foleni Ubungo", bosi anakusikitikia kwa sababu na yeye kaingia dakika tano kabla yako.

Sasa nakaa Komae, pembeni mwa Tokyo, kwenye reli ya Odakyu. Ni ya kampuni binafsi, inatoka Shinjuku hadi Odawara, kilomita 82.5, na imekuwepo tangu 1927. Treni yangu ni ya saa 1:43 asubuhi. Siyo "kwenye saa mbili kasoro hivi". Ni 1:43, na 1:44 unabaki unautazama mgongo wake.

Watu hawa wana ugonjwa wa dakika. Mwaka 2017 treni ya Tsukuba Express iliondoka kituo cha Minami-Nagareyama sekunde 20 kabla ya wakati, na kampuni ikaomba radhi hadharani. Sekunde 20! Kwa muda huo konda wa Mbagala hajaamua hata kama chenji yako anakupa au anajifanya kasahau.

Na treni ikichelewa kweli, mnadhani ndiyo nafuu? Wanakupa cheti. Kinaitwa chien shomeisho, kikaratasi cha kampuni ya reli kinachosema treni ilichelewa dakika kadhaa, unakipeleka kwa mwajiri. Mwenzangu ofisini, anayekuja kwa reli nyingine, aliwahi kuingia kachelewa, akaweka kikaratasi mezani, akawasha kompyuta. Hakusema neno! Nilikitazama kile kikaratasi kama mtu anayetazama pilau ya jirani. Mimi cheti changu cha kuzaliwa chenyewe hakijawahi kunisaidia hivyo.

Tuje kwenye aina za treni. Reli ni moja, lakini kuna Kakueki Teisha inayosimama kila kituo, kuna Junkyu, kuna Kyuko, kuna Kaisoku Kyuko, kila moja inaruka vituo vingi kuliko mwenzake, halafu kuna Romancecar ya kulipia zaidi, ambayo mimi naipungia mkono tu. Kaisoku Kyuko ukiitafsiri kienyeji ni "haraka haraka", na wahenga walishatuambia kuhusu baraka zake. Jioni moja pale Shinjuku nikairukia bila kusoma ubao. Ikasimama Shimo-Kitazawa, nikasema safi. Baada ya hapo haisimami tena mpaka Noborito. Nikaiona Komae yangu ikipita dirishani, nikaliona na duka ninalonunua mayai, taa zinawaka, nikauvuka mto Tama nikiwa nimeshika mkanda kama mtu anayesindikizwa uhamishoni.

Noborito kumepambwa Doraemon, yule paka roboti wa bluu wa katuni, kwa sababu makumbusho ya mchoraji wake, Fujiko F. Fujio, yapo huko huko Kawasaki. Lifti ya kituo wameipaka ifanane na ule mlango wake wa kukupeleka popote unapotaka. Nikaingia. Nikafumba macho, nikataja Komae. Ukanipeleka ghorofa ya juu.

Kujaa je? Hapo ndipo utajua serikali ya Japani ina wataalamu. Kwa miaka mingi msongamano waliupima kwa gazeti. Behewa likijaa asilimia 150 ya idadi liliyotengenezewa unaweza kulifungua gazeti usome. Asilimia 180, ukilikunja unasoma. Asilimia 200 mmeshabanana, labda ujaribu kijarida. Asilimia 250 hata mkono haunyanyuki. Mimi nina kipimo changu: pua ikikuwasha ukashindwa kuifikia, basi imejaa. Kuna asubuhi niliwashwa kuanzia Kyodo mpaka Yoyogi-Uehara, nikabaki kukunja uso kama mbuzi aliyelamba ndimu. Babu aliyekuwa mbele yangu, pua kwa pua, akafumba macho kwa heshima.

Na kimya! Watu mia na kitu mmeshikamana kama tende, hakuna anayesema. Kupokea simu mle ni aibu. Sasa mama yangu huku ikiwa saa moja jioni kwake ni saa saba mchana, keshakula, ndiyo saa yake ya kunikumbuka. Simu ikalia taarabu. Nikapokea, maana mama hakatiwi simu.

"Mbona unanong'ona? Umekamatwa?"

"Shikamoo mama. Niko kwenye treni."

"Marahaba. Treni gani haina watu?"

"Imejaa, mama."

"Imejaa na kimya hivyo? Kafa nani?"

Hakuna aliyenigeukia, na huko kutogeukiwa ndiko kunakouma kuliko tusi.

Lakini kilichonimaliza ni wiki iliyopita. Pale Seijogakuen-mae mwanafunzi mmoja aliyekuwa amekaa mbele yangu akashuka. Kiti! Asubuhi! Nikakaa kabla hakijapoa. Kumbe treni zingine zikifika Yoyogi-Uehara haziendi Shinjuku, zinazama ardhini na kuwa treni za Chiyoda, reli ya kampuni nyingine kabisa, Tokyo Metro, na wewe hata kiti hubadili. Mimi nilikuwa nimelala fofofo. Nimeuzwa kutoka kampuni hadi kampuni kama mzigo wa Kariakoo. Kuja kuzinduka, Ayase, upande wa pili wa jiji, mate shavuni, na saa tatu inanikodolea.

Nikamkumbuka yule mwenzangu na kikaratasi chake. Nikaenda getini, nikamwomba mfanyakazi wa kituo chien shomeisho.

Akaniuliza kwa upole nimepanda treni ipi. Nikamtajia. Akaingia kwenye kompyuta, akatoka. Akampigia mtu simu. Akafunua daftari, ukurasa hadi ukurasa, mimi nikianza kupata matumaini. Mwishowe akavua kofia, akainama mpaka nikamwona kisogo, akaniomba radhi sana: treni yangu ilikuwa imefika kwa wakati.