Pima akiba kwa miezi
Makala moja niliyosoma inasema tusherehekee kila akiba inapoongeza sifuri, yaani kutoka 100,000 hadi 1,000,000. Afadhali kupima kwa miezi: jumlisha kodi ya nyumba, chakula, nauli, umeme na ada za mwezi mmoja, kisha gawanya akiba yako kwa jumla hiyo. Jibu ni idadi ya miezi ambayo akiba itakutosha bila kipato. Ukipata 1, usingizi huanza kuwa mtamu; 3 hadi 6 ndiyo kinga ya dharura inayoshauriwa sana. Rudia hesabu kila mwaka, maana bei zikipanda miezi hupungua hata kama hujagusa senti. Na pesa ya kusherehekea? Itoke kwenye mshahara ujao, si kwenye akiba (wengi huteleza hapo). Wengine hufungia fedha zote kwenye amana ya muda maalumu, yaani akiba ya benki isiyotolewa hadi muda mliokubaliana uishe. Dharura ikija, wanaivunja na kupoteza riba.