Kilo Sita Zilizonigombanisha na Watu

Nilikuwa na kilo 92, na katika kipindi chote nilichokuwa nazo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kama ninaumwa. Kinyume chake niliitwa mzee, nikaitwa bosi, nikasogezewa kiti cha mbele kwenye sherehe za watu nisiowafahamu vizuri, na kila nilipopita soko la Sabasaba hapa Dodoma wauza mitumba walinipandishia bei kwa sababu ya tumbo lililonitangulia kama king'ora cha msafara. Leo nina kilo 86, nimedumu nazo kwa mwaka mmoja na miezi miwili, na kwa kupoteza kilo sita tu nimepoteza pia heshima ambayo mshahara wa masjala haukuwahi kunipa.

Chanzo cha yote ni jino. Nilikwenda kuling'oa, lakini kabla ya kuligusa wakanifunga ule mkanda wa kupimia presha, ukasoma 148 kwa 96, na habari za jino zikaishia hapo. Daktari, kijana ambaye ningeweza kumzaa, alichukua urefu wangu wa mita 1.70, akauzidisha kwa wenyewe, akagawanya uzito wangu kwa jibu hilo, akapata 31.8, kisha akanieleza kwa upole kwamba kuanzia 30 hali hiyo huitwa kiribatumbo. Nimefanya kazi na majalada kwa miaka 19, nimesoma maneno mengi mabaya yakiandikwa juu ya watumishi, lakini sijawahi kuona neno linalofanana na mtu kwa sauti yake kama hilo.

Nilitegemea aniambie nipunguze kilo 30, na sababu za kukataa nilikuwa nimekwisha kuzipanga. Yeye akasema kwamba kupungua kwa asilimia 5 hadi 10 tu kunatosha kuanza kuisaidia presha na sukari. Asilimia 5 ya kilo 92 ni kilo 4.6, yaani haifiki hata mfuko wa kilo tano wa unga wa sembe. Mtu mzima hawezi kukataa kitu kama hicho mbele ya kijana.

Juu ya kupungua kwenyewe sina mengi ya kusimulia, kwa sababu mambo yanayofanikiwa huwa hayana hadithi. Chapati mbili za asubuhi zikawa moja, soda nikaiaga, ugali wa uwele nikaupima kwa ngumi yangu badala ya kuupima kwa ukubwa wa sahani, na mnada wa Msalato, ambako kila Jumamosi nilikuwa nikihudhuria ibada ya nyama choma, nikaanza kwenda mara moja kwa mwezi. Mlenda sikuupunguza, ingawa una hila zake, kwani hausubiri ruhusa ya meno, na mtu huweza kumaliza bakuli kabla mdomo haujaarifiwa. Alfajiri nilitembea nusu saa, na anayeufahamu upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba atanielewa nikisema kwamba nusu ya safari hiyo nilikuwa ninasukumwa na nusu nyingine ninakula vumbi, ambalo kwa bahati njema halinenepeshi. Baada ya miezi mitano mizani ikasoma 86, presha ikashuka hadi 132 kwa 84, nami nikatoka nje kwenda kupongezwa.

Wa kwanza kuniona alikuwa Mangi wa dukani kwetu. Alinitazama kuanzia shingoni hadi mkandani, akaniuliza habari za kazini kwa sauti ya chini inayotumika misibani, kisha akalifunga lile daftari la madeni na kuliweka chini ya kaunta. Tangu siku hiyo ninanunua kwa fedha taslimu. Kwa hesabu zake, mtu aliyepungua ama ameugua ama amesimamishwa kazi, na wote wawili hawakopeshwi.

Kazini ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa wenzangu wana upendo. Walimwendea mama watoto kwa siri, naye, badala ya kuwaeleza habari za chapati, akawajibu kwamba namshukuru Mungu, jibu ambalo kwa Kiswahili lina maana kwamba mgonjwa hana muda mrefu. Jumapili iliyofuata walikuja tisa, wakaketi kwenye makochi kwa mpangilio wa watu waliokwisha kuzoea kutoa pole, wakanikabidhi zabibu, bahasha ya shilingi 50,000 na kreti zima la soda. Naomba msomaji alitafakari kreti hilo kwa utulivu. Chupa moja ya mililita 350 hubeba sukari ya takriban gramu 35, na kreti lina chupa 24, kwa hiyo ndugu zangu walinibebea kama gramu 840 za sukari ili nipate nguvu ya kupambana na ugonjwa wa kutokunywa soda. Bahasha nilijaribu kuirudisha, lakini mweka hazina alisema fedha hizo amekwisha kuziingiza kwenye daftari la wagonjwa, na kwamba utaratibu wa kumwondoa mtu humo ni mmoja tu, akasita, akabadilisha mazungumzo.

Mama mkwe alisafiri kutoka Chamwino. Yeye ni mtu wa heshima na nisingependa kusema lolote baya juu yake, ila alimwita binti yake chumbani, wakakaa robo saa, na walipotoka nilikuta sahani yangu imepandishwa ugali kwa kimo cha mlima Mlimwa. Mkwe hakataliwi chakula. Alikaa siku tisa, nami nikapanda hadi kilo 87 na nusu, na siku ya kuondoka alinishika mkono akasema, "Mkwe wangu, sasa unaanza kurudi."

Hapo ndipo nilipogundua kwamba kupungua ni kazi yenye mwisho, lakini kulinda kilichopungua ni lindo lisilo na zamu ya kupokezana. Mtaalamu wa lishe alinifafanulia jambo lililoniuma zaidi, kwamba hata mwili wangu uko upande wa mama mkwe. Mafuta ya mwilini hutoa homoni iitwayo leptini, ambayo huuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Mafuta yakipungua, taarifa hiyo nayo hupungua, huku grelini, homoni ya tumboni inayochochea njaa, ikipanda, na juu ya hayo mwili uliokwisha kuwa mdogo hutumia nguvu kidogo kuliko ule wa zamani. Nimejaaliwa, basi, kuhitaji chakula kidogo na kukitamani zaidi. Wagogo huiita Mtunya ile njaa kubwa iliyoanza 1917, na nadhani mwili wangu umefikia uamuzi kwamba Mtunya imerudi, ndiyo maana unajiandaa kuvuka ukame, ilhali umekaa masjalani Mtumba, hatua 40 kutoka kwa mama lishe, akikaanga.

Kwa hiyo ninajipima kila Jumamosi alfajiri, kabla ya chai, na nikivuka 87 chapati inaondoka mezani hadi hesabu irudi. Hakuna anayeleta kreti kwa ajili ya mtu ambaye uzito wake haukubadilika wiki hii. Jaribu kuwatangazia wenzako kazini kwamba una kilo 86, kama mwezi uliopita, kama mwezi wa kabla ya huo, uone watakavyogeukia kompyuta zao.

Mtu pekee anayefuatilia suala langu kwa dhati ni fundi cherehani wa Majengo. Nilipompelekea suruali azibane, alikataa kukata kitambaa kilichozidi, akakikunja na kukishona kwa ndani. "Sikati, mzee," alisema. "Nimekuwekea akiba." Mwezi uliopita nilimrudia nikamweleza kwamba mwaka umepita na zaidi, akiba hiyo inanikwaruza kiunoni, aikate. Alinizungushia futi kamba, akasoma, akanizungushia tena kwa upande mwingine kama mtu anayetafuta kosa, akakubali kwamba kiuno kiko palepale. Kisha akaikunja suruali vizuri, akanirudishia ikiwa vilevile.

"Tusubiri Desemba ipite," akasema.

Nilimuuliza Desemba kuna nini.

"Pilau, mzee."

Akanitoza shilingi 1,000 za kupima. Nimeivaa leo, na inakwaruza.