Tafuta "pika", uletewe pikipiki

Nina tovuti ndogo ya mapishi, imejengwa kwa Django (zana ya kutengenezea tovuti) na PostgreSQL (hifadhidata). Kisanduku cha kutafuta nilikianza kama wengi wanavyokianza: nachukua alichoandika mtu, nakata irabu ya mwisho, naiuliza hifadhidata LIKE '%pik%', yaani niletee kila penye "pik", hata kuwe na herufi gani mbele au nyuma yake. Inaleta ninapika, kupikwa, wamempikia. Inaleta pia muuza maandazi wa kwenye pikipiki. Na kwa kuwa alama ya asilimia imetangulia, faharasa ya kawaida ya hifadhidata haisaidii. Makala zote zinasomwa moja baada ya nyingine. Zikiwa mia tatu hakuna shida. Zikifika laki, mtu ameshafunga ukurasa.

Wanaosema "weka laibrari ya utafutaji", yaani programu iliyoandikwa tayari kwa kazi hiyo, wana hoja nzito. Lucene, aliyoianzisha Doug Cutting mwaka 1999, na Elasticsearch iliyojengwa juu yake ikatoka 2010, hutunza kila neno pamoja na orodha ya makala linamopatikana, mithili ya faharasa ya nyuma ya kitabu. Majibu huja upesi, tena yamepangwa, kwani neno adimu hupewa uzito kuliko lililozagaa kila mahali. LIKE haijui kupanga chochote. PostgreSQL yenyewe ina utafutaji wa maneno wenye faharasa ya namna hiyo ndani yake tangu toleo la 8.3 la mwaka 2008.

Tatizo ni lugha. Kiingereza hubadilika zaidi mkiani, hivyo programu hukata mkia: cooking na cooked hubaki cook. Sisi tunabadilisha kichwa na mkia kwa pamoja: hatukupika, walipikiana. Katika lugha zinazokuja na PostgreSQL, Kinepali kimo, Kiyidi kimo, Kiswahili hakimo. Ukichagua mpangilio wake uitwao simple, usiofuata lugha yoyote, neno huhifadhiwa bila kukatwa. Anayetafuta "ukuta" hapati "kuta", wa "pika" hapati "kupika". Umetoka kwenye kuletewa mno, umeingia kwenye kukosa.

Elasticsearch unaweza kuifundisha, sikatai, ila kazi ya kuifundisha ni yako, na juu yake una seva ya pili inayokula kumbukumbu na nakala ya pili ya data. Futa pishi kwenye hifadhidata, usahau kuifuta kule, na litaendelea kujitokeza kwenye majibu. Kwa gazeti lenye makala za miaka ishirini ningeibeba kazi hiyo bila kulalamika. Kwa tovuti yangu, hapana.

Nilichoweka ni pg_trgm, nyongeza ya PostgreSQL inayokata maneno vipande vya herufi tatu tatu. Tangu PostgreSQL 9.1, faharasa yake huharakisha hata ile LIKE ya mwanzo. Pikipiki bado inakuja, nami naivumilia kuliko ukurasa mtupu. "Mpishi" na "mapishi" nimeziunganisha na "pika" kwa mkono, maana k imegeuka sh na hakuna kipande kitakacholigundua hilo.

Makosa ya uandishi nayo pg_trgm inayapokea, kwa vituko vyake: hulinganisha vipande vya maneno na kutoa alama ya kufanana, kutoka 0 hadi 1. Mtu akiandika "chapti", kichwa "Chapati" kinapata alama 0.5, na kizingiti cha kawaida ni 0.3. Lakini "Chapati za maji" inapata 0.28 tu, kwa sababu ya urefu wake, inaachwa nje. Ukurasa wenye kichwa "Chai" unapata 0.33. Unapita.